Kinachoharibika Kwanza

Historia ya ala za muziki hupangwa kama ngazi. Chini kabisa huwekwa filimbi ya mfupa, juu yake ngoma, halafu zeze, piano, na kileleni kinanda cha umeme chenye mamia ya sauti ndani ya sanduku moja la plastiki. Mpango huo unafaa kuchorwa ubaoni, lakini hausemi kwa nini watu waliiacha ala iliyokuwa ikiimba vizuri wakaunda nyingine. Wengi hujibu kwamba walitafuta sauti mpya. Kwa ala nyingi jibu hilo halitoshi, na Lamu ni mahali pazuri pa kuliona hilo, maana chumvi ya hewa na unyevu wa kusi havisamehe ala yoyote. Kila ala ina sehemu yake inayokufa kabla ya nyingine zote: ngozi, uzi, ulimi, gundi, swichi. Sehemu hiyo ndiyo iliyowasumbua mafundi, na sehemu kubwa ya tunayoyaita maendeleo ya ala ni juhudi za kuiondoa au kuiimarisha. Walifaulu mara nyingi. Ila kila walipofaulu, kazi ya kutengeneza ilitoka mkononi mwa mpigaji ikaenda mbali zaidi.

Hata tunayoyajua kuhusu ala za kale yameamuliwa na uozo. Mwaka 2008, katika pango la Hohle Fels kusini mwa Ujerumani, wachimbaji walipata filimbi ya mfupa wa bawa la tumbusi, urefu wake sentimita 21.8, matundu matano, umri wake si chini ya miaka 35,000. Katika eneo hilohilo zimepatikana filimbi za pembe ya mamothi, na hizi zinastaajabisha zaidi, kwa kuwa pembe haina uwazi ndani kama mfupa wa ndege. Fundi aliipasua pembe kwa urefu, akachimba nusu mbili, akazirudisha pamoja na kuziba mshono usivujishe pumzi. Kule Jiahu, China, filimbi za mifupa ya korongo za miaka ipatayo 8,000 au 9,000 zimetoka ardhini zikiwa nzima kiasi kwamba moja ilipigwa tena. Kutokana na hayo husemwa kwamba filimbi ilitangulia ngoma. Hakuna anayeweza kuthibitisha hilo. Ngoma ya gogo na ngozi ingewekwa katika pango lile lile isingebaki hata kipande. Vinubi vya Ur, mji wa kale wa Iraki, vya kama miaka 4,500 iliyopita, tunavijua kwa sababu mwanaakiolojia Leonard Woolley alimimina plasta katika mashimo yaliyoachwa na mbao zilizokwisha kuoza. Dhahabu na makombe vilibaki, mti ulikwenda. Kilicho makumbushoni ni kile kisichooza, na si lazima kiwe ndicho kilichopigwa zaidi.

Mfano wa hapa nyumbani ni siwa, pembe kubwa ya kupulizwa. Makumbusho ya Lamu yana mbili mashuhuri, ya pembe za ndovu iliyotoka Pate, inayozidi mita 2, na ya shaba ya Lamu yenyewe. Zote mbili hupulizwa kwa tundu la ubavuni. Mwandishi wa safari ya Vasco da Gama aliona pembe za namna hiyo Malindi mwezi Aprili 1498: mbili, za pembe za ndovu zilizonakshiwa, urefu wa mtu mzima, zikipulizwa ubavuni na kupatana vizuri na tarumbeta nyingine. Siwa haina ulimi, haina ngozi, haina uzi. Kinachotikisika ni midomo ya mpulizaji, na midomo haihitaji spea. Ya shaba ilimiminwa kwa njia ya nta: umbo huchongwa kwa nta, hufunikwa kwa udongo, hupashwa moto nta itoke, kisha shaba iliyoyeyuka kwa joto la karibu nyuzi 900 na zaidi humiminwa katika nafasi iliyoachwa. Udongo ukiwa na unyevu kidogo tu, mvuke hulipua kazi yote. Lakini ikishatoka salama, inakaa karne. Ndiyo maana siwa ipo na watu huipiga picha, ilhali zumari na magambusi yaliyochezesha watu usiku kucha katika karne zile zile hayapo. Asiyelijua hilo hudhani muziki wa miji ya Uswahilini ulikuwa wa siwa. Siwa ilikuwa alama ya enzi, ikatolewa kwa siku chache za heshima.

Kazi ya kila siku ilikuwa ya ngozi, na ngozi ndiyo mwalimu bora wa somo hili. Ngozi ya mbuzi hunyonya unyevu wa hewa. Ikinyonya, hutanuka, mkazo hushuka na sauti hushuka nayo, hadi mlio wa “ta” mkavu unageuka “bu”. Wapigaji wa matwari wanaojiandaa kwa Maulidi ya Mfunguo Sita katika msikiti wa Riyadha hapa Lamu hawahitaji kuelezwa. Umande ukianza kushuka, matwari hupelekwa motoni. Moto mzuri ni wa haraka, wa makuti makavu au karatasi, twari likizungushwa muda wote umbali wa mkono. Makaa ya makumbi yana joto la kudumu, na joto la kudumu ndilo linalokausha ukingo kupita kiasi hadi ngozi ikapasuka penye misumari. Ukisikia harufu ya nywele kuungua, umekwisha kuchelewa. Twari lililopashwa vizuri hukaa kwa kasida mbili tatu, halafu hurudi motoni, kwa hiyo kundi lenye akili lina matwari ya zamu.

Kuwamba upya nako kuna kanuni zake, na makosa yake ni yale yale kila mara. Ngozi huloweshwa usiku mzima katika maji baridi. Maji ya moto huipika, ikajikunja na kuwa ngumu kama kwato. Nywele hukwanguliwa kwa kisu kisicho kikali sana. Huvutwa kwa upande mmoja kisha upande wa pili unaoelekeana nao, si kwa kuzunguka kama anayeshona kofia, maana ukizunguka mkazo hulundikana mwisho na ngoma hupata upande mmoja wa sauti ya juu. Kisha hukauka kivulini siku mbili au tatu. Anayeharakisha akaianika juani hupata ngozi iliyokauka juu na mbichi chini, na hiyo hupasuka katika wiki ya kwanza. Mbuzi anatosha kwa twari na chapuo. Vumi, lenye kazi ya kunguruma chini, hutaka ngozi ya ng'ombe, ambayo ni nzito na huchukua muda zaidi katika kila hatua.

Mwaka 1957 kampuni ya Remo huko Marekani ilianza kuuza nyuso za ngoma za plastiki ya poliesta, unene wa robo ya milimita au karibu na hapo. Mvua ikinyesha haijali, jua likiwaka haijali. Kwa mpiga ngoma wa bendi anayehama hoteli hadi hoteli, shida ya maelfu ya miaka ilikwisha. Matari yenye skrubu na plastiki sasa yanauzwa hadi mitaa yetu, na kwa sherehe ya usiku wa masika ni vigumu kumlaumu anayeyanunua. Lakini tazama kilichohama. Skrubu hushika kutu katika chumvi hii, na isipopakwa mafuta kila baada ya wiki chache, hukataa kugeuka. Uso wa plastiki ukichanika hauwezi kuukata mwenyewe. Lazima upate wa kipenyo kile kile hasa. Mbuzi yuko Lamu. Plastiki ya inchi 14 iko Mombasa, ikiwa kuna bahati, au Nairobi.

Upande wa nyuzi ndiko mabadiliko yalikokuwa makubwa zaidi, na pwani yetu iliyapitia yote. Gambusi la zamani, ambalo Lamu liliitwa pia kibangala, lilikuwa na jamaa zake Yemen, Komoro, na hata Malaysia na Indonesia, kokote jahazi zilikofika. Muhamadi Kijumwa wa Lamu, mchongaji, mwandishi wa hati na mshairi aliyefariki miaka ya 1940, alilipiga. Mwili na shingo yake hutoka katika gogo moja lililochimbwa, na uso wake ni ngozi. Hapo ndipo shida. Kidaraja cha nyuzi hukaa juu ya ngozi. Unyevu ukiongezeka ngozi huzama, kidaraja huzama nayo, na nyuzi zote hushuka sauti kwa pamoja katikati ya wimbo. Aidha, ngozi haiwezi kubeba nyuzi nyingi.

Hesabu yake ni rahisi. Chukua uzi wa nailoni wa milimita 0.6, yaani mshipi wa kawaida wa kuvulia, ukauvute kwenye ala yenye urefu wa sentimita 60 kutoka kidaraja hadi kichwa cha shingo. Ili utoe do ya kati, herzi 262, unahitaji mvuto wa kilo 3 na kidogo. Ukibadilisha ukaweka mshipi wa 0.7 kwa sauti ile ile, mvuto unapanda hadi kama kilo 4.4. Ud, ala iliyochukua nafasi ya gambusi, ina nyuzi 11, jozi tano na mmoja wa besi, kwa hiyo uso wake unabeba kilo 30 na zaidi saa zote, hata ikiwa imetundikwa ukutani. Ngozi ya mbuzi haiwezi. Uso wa ud ni ubao wa milimita 2 au pungufu ulioshikiliwa kwa ndani na vijiti vya kukingama, na tumbo lake ni mapande membamba yaliyopindwa kwa moto na kuunganishwa moja moja kwa gundi. Ni ubunifu mkubwa, na hautegemei unyevu wa jioni kama ngozi. Lamu ndiyo iliyomtoa Zein l'Abdin, mpiga ud na mwimbaji wa taarabu, na anayemsikiliza haulizi kwa nini ud ilishinda.

Ila kinachoharibika kwanza kilihamia kwingine: gundi. Kidaraja cha ud hushikilia mvuto wote kwa eneo dogo mno. Gundi ya asili ya ngozi hulainika kwa joto na unyevu, na ala iliyoachwa karibu na dirisha la jua la mchana siku moja itatoa mlio kama mti uliovunjika, kidaraja kikiwa kimeng'oka. Dawa inajulikana. Nyuzi hulegezwa zote, gundi ya zamani hufutwa kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu hadi mti uonekane, gundi mpya hupashwa joto la nyuzi 60 hivi bila kuchemka, kidaraja hubanwa, na hakiguswi kwa saa 24. Anayeweka supaglu hufurahi wiki moja. Safari ijayo kidaraja hakitang'oka peke yake. Kitaondoka na kipande cha uso, na hapo fundi wa fanicha hawezi kusaidia tena. Gambusi lilitengenezwa na yeyote aliyejua kuwamba twari. Ud inahitaji fundi wa ud, na fundi wa ud si mtu wa kila mtaa.

Zumari ni habari tofauti, kwa kuwa hakuna aliyefaulu kuiondolea udhaifu wake. Kila ngoma ya kirumbizi au goma inayoipata inapata ala yenye sauti ya kuvuka uwanja mzima bila spika. Nguvu hiyo hutoka katika mambo mawili: tundu la ndani linalopanuka kuelekea ncha ya chini kama pia, na ulimi wa vipande vya jani la mvumo vilivyofungwa kwa uzi kwenye kijirija chembamba cha madini. Vipande hivyo hufunguka na kufungika kwa kasi pumzi inapopita, na kila mfunguko ni pigo dogo la hewa. Kisahani kilicho chini ya ulimi ni pa kuegemeza midomo, kwa sababu mpigaji huingiza ulimi wote wa zumari kinywani na kupumua kwa pua huku mashavu yakisukuma akiba ya hewa. Hapumziki.

Ulimi huo ndio unaoamua kila kitu. Jani bichi hujikunja, lililokauka juani huvunjika. Linalofaa ni lililokomaa na kukaushwa kivulini. Ukifunga uzi ukiwa umelegea, hewa huvuja pembeni na sauti hukoroma. Mwanya ukiwa mpana mno, mpigaji huchoka kabla ya ngoma kukolea na sauti huwa chini. Ukiwa mwembamba mno, ulimi hujifunga wenyewe anapoongeza nguvu. Ukikata ncha kidogo tu sauti hupanda, na huwezi kurudisha ulichokikata. Hatimaye mate na chumvi huulainisha, na hakuna mpigaji makini anayekwenda ngomani na ulimi mmoja. Ulaya walikutana na tatizo lile lile katika oboi na klarineti. Mwili wa ala hizo huchongwa kwa mpingo, mti wetu wa Afrika Mashariki, mzito hadi huzama majini na unaodumu miongo. Ulimi wake wa tete hudumu wiki chache. Wamejaribu plastiki, na baadhi ya wapigaji wa klarineti wameikubali. Wapigaji wengi wa oboi bado huketi na kisu na uzi, kazi ile ile ya mpiga zumari.

Tarumbeta za Ulaya zilikuwa na upungufu mwingine: bila vali zilitoa noti chache tu za asili. Vali zilipobuniwa Ujerumani kati ya 1814 na 1818, tatizo likaisha na jingine likazaliwa, kwa kuwa pistoni na ganda lake huachana kwa upana usioonekana kwa jicho. Beni, ngoma za tarumbeta zilizoanza pwani mwishoni mwa karne ya 19, zilirithi uzuri huo pamoja na kutu yake ya kijani. Piano nayo tuipite haraka: ilipata fremu ya chuma katika karne ya 19 kwa kuwa mbao zilishindwa na mvuto, na piano kubwa ya leo hubeba karibu tani 20. Huku pwani, piano ilimezwa na unyevu kabla haijazoeleka.

Lililogusa taarabu hasa ni vyombo vya vidole, yaani vya kubonyeza vitufe. Harmonia ilisajiliwa Paris katika miaka ya 1840, India wakaifanya ndogo ya kukalia sakafuni, na kutoka huko ikavuka bahari. Mwaka 1912 Goro Morita wa Nagoya, Japani, alibuni taishokoto: nyuzi za chuma zinazobanwa na vitufe kama vya taipu. Nayo ilipita India ikafika Mombasa na Lamu, ikaunganishwa na amplifaya, ikawa sauti ya harusi za pwani. Uzi wake wa kwanza, mwembamba kuliko wote, hula kutu upesi, na waya wa gitaa namba moja huziba pengo.

Hapa pana lawama inayokosewa. Husemwa kwamba kinanda cha umeme ndicho kilichoua maqamu, yaani skeli za Kiarabu, katika taarabu. Maqamu ya rasti inahitaji noti ya tatu iliyo karibu senti 350 juu ya ya kwanza (senti ni kipimo cha umbali kati ya noti), ambapo oktavu nzima ni senti 1,200. Kinanda kina 300 na 400 tu. Mpiga ud huipata kwa kusogeza kidole, kwa kuwa shingo ya ud haina vizuizi, na gambusi vilevile halikuwa navyo. Lakini harmonia haikuwa na noti hiyo, wala taishokoto haina. Noti ilikuwa imekwisha kupotea katika ala za vidole miongo mingi kabla ya sinthesaiza. Na ajabu ni kwamba kinanda cha umeme ndicho cha kwanza kati ya hizo kinachoweza kuirudisha: vingi vinavyouzwa kwa soko la Kiarabu, na hata baadhi ya vya kawaida, vina sehemu ya kurekebisha skeli, ambapo noti uliyoichagua hushushwa senti 50. Ukianzia do, mi na si zikishushwa hivyo rasti inasimama. Wapigaji wengi hawaigusi sehemu hiyo, na hilo si kosa la mashine.

Kasoro ya kinanda iko kwingine. Chini ya kila kitufe kuna mpira wenye vidoa viwili vya kaboni. Cha kwanza kikigusa bodi, kisha cha pili, chombo hupima muda kati ya miguso hiyo na kuamua sauti iwe kubwa au ndogo. Vumbi la matumbawe na chumvi vikitanda, kitufe hunyamaza au hupiga kelele hata kikiguswa taratibu. Watu hukitupa chombo kizima kwa tatizo la pamba na spiriti. Umeme huondolewa, skrubu za chini hufunguliwa na kuwekwa kwa mpangilio kwa kuwa hazilingani urefu, ukanda wa mpira hunyanyuliwa, njia za bodi hufutwa kwa pamba yenye spiriti safi, na vidoa vya kaboni hufutwa kwa wepesi sana. Msasa au petroli huondoa kaboni yenyewe, na hapo kweli kimekufa. Kazi hiyo huchukua alasiri moja. Ikiharibika bodi kuu, hata hivyo, hakuna wa kuitengeneza kutoka Kiunga hadi Malindi, na mara nyingi kampuni imekwisha kuacha kutoa spea za modeli hiyo.

Linganisha na kayamba la Wagiriama nje kidogo ya Malindi. Tabaka mbili za matete, vijiti vya kukingama, kamba ya katani, na ndani mbegu ngumu kama za mtipitipi, zile nyekundu zenye doa jeusi (zina sumu zikitafunwa, kwa hiyo kayamba lililopasuka haliachiwi watoto). Mbegu zikizidi hazina nafasi ya kuteleza na sauti hukwama. Zikipungua, mlio hutawanyika bila mapigo. Dumuzi huingia katika matete mabichi, ndiyo maana hukatwa yaliyokomaa. Tete moja likiliwa, hutolewa na kuwekwa jingine siku ile ile.

Kwa kipimo hiki, ala iliyo hatarini zaidi Lamu si gambusi, ambalo lingeweza kurudishwa na mchonga mlango yeyote mwenye subira na ngozi ya mbuzi. Ni zumari, kwa kuwa mwili wake unaweza kukaa kabatini miaka bila kudhurika na watu wakadhani ipo, ilhali ujuzi wa kufunga ulimi unakaa mikononi mwa wapigaji wachache. Tamasha la utamaduni la Lamu lina mashindano ya punda, majahazi, kuogelea na bao. Kuongeza moja hakugharimu chochote cha maana: kila kijana apewe jani la mvumo lililokaushwa, kijirija, uzi na wembe, nusu saa ipite, kisha mpiga zumari apulize kila ulimi mmoja baada ya mwingine mbele ya watu.